Niliandika "advansi hairudishwi", sasa wifi yangu anadai pesa za watu

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Temeke, Dar es Salaam. Nauza vyombo vya jikoni kwa simu, sina fremu ya duka. Picha naweka status na kwenye grupu la WhatsApp, watu wanatoa oda na advansi, mimi naagiza Guangzhou, China, kupitia ajenti. Huu ni mwaka wa tatu. Miaka yote nimekuwa nikiagiza vitu vidogovidogo, hotipoti, masufuria, vikombe, na sijawahi kugombana na mteja.

Mwishoni mwa Desemba niliona seti ya vyombo vya udongo, vipande 24, kijani kilichokolea chenye ukingo wa dhahabu. Nikajua hii ndiyo ya futari. Nikaweka tangazo, nalinukuu kama lilivyo: "ODA ZA RAMADHANI ZIMEFUNGULIWA. Seti vipande 24, sh 140,000. Advansi nusu, HAIRUDISHWI. Mzigo unaingia kabla ya mwezi mtukufu inshaallah."

Kiwanda hakikutaka oda iliyo chini ya seti 25, kwa hiyo nilisubiri watu watimie. Hadi tarehe 13 Januari walikuwa 26, kila mmoja katoa 70,000. Tisa kati yao waliletwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni wenzake wa kikoba. Yeye ndiye aliyewakusanyia akanirushia 630,000 kwa mkupuo. Nilimwahidi elfu tano kwa kila seti.

Tarehe 14 nikalipa. Kiwandani, kamisheni ya ajenti na usafiri wa kulekule China vilifika 1,133,000. Tarehe 26 ajenti akanitumia picha za katoni zangu zikiwa stoo kwake. Nikashukuru. Baada ya hapo kila nikiuliza naambiwa kontena halijajaa. Mara wakafunga kwa Mwaka Mpya wa Kichina, uliokuwa tarehe 17 Februari. Ramadhani nayo ikaingia siku moja au mbili baadaye. Leo kumi la kwanza limeisha ndiyo ananiambia kontena linapakiwa wiki hii, meli inaondoka tarehe 7 Machi.

Wifi kanipigia mara tatu, mara ya mwisho hakunisalimia. Anasema wenzake wanataka pesa zao, walitaka vyombo vya kufuturishia, si vya kuweka kabatini. Anasema shekhe mmoja kamwambia pesa ya advansi kuila ni haramu. Mmoja wao kaandika kwenye grupu, "Tumetapeliwa kistaarabu," na watu wameiona. Mume wangu yeye anasema nisitoe hata shilingi, tangazo walilisoma, na kama ni hivyo basi kila mtu anunue shati leo arudishe kesho. Hiyo meli siiendeshi mimi, wala Mwaka Mpya wa Wachina sikuuweka mimi.

Sasa pesa yenyewe. Katika 1,820,000 niliyokusanya, baada ya kulipa kiwanda ilibaki kama 687,000. Nikatoa 450,000 nikalipia ada ya mtoto, maana niliihesabu kuwa ni faida yangu. Nina 235,000 na kitu. Wale tisa peke yao wanadai 630,000. Nikiwarudishia, nahofia hao 17 waliobaki nao watakuja. Nikikataa, kwa wifi sitakanyaga tena, na Idi tunakula kwa mama mkwe. Rafiki yangu kaniambia nichukue mkopo wa kwenye simu niwalipe wote nipumue. Ajenti anasema kama nina haraka atoe katoni azipakie kwenye ndege.

Nifanye nini?

Niliyebanwa katikati, Temeke

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeandika vizuri, na zaidi ya yote umeandika na hesabu. Wengi wakifika hapo ulipo huandika hasira tu, tarakimu wanazificha. Hizo tarakimu ndizo zitakazokusaidia, kwa hiyo niruhusu nizishike moja moja.

Nikielewa sawasawa, una jambo la tarehe, una jambo la pesa, na una jambo la wifi. Kwenye simu yako yote yanaingia kwa mlio mmoja, ndiyo maana unahisi umebanwa. Lakini kila moja lina mlango wake.

Nianze na tarehe, na hapa utanisamehe. Unasema kilichokuangusha ni Mwaka Mpya wa Kichina. Hebu tuhesabu pamoja kana kwamba sikukuu hiyo haikuwepo kabisa. Ulilipa tarehe 14 Januari. Katoni zilifika stoo Guangzhou tarehe 26, siku kumi na mbili, hapo kiwanda kilijitahidi. Tuseme kontena lilikuwa limebakiza nafasi yako tu na meli ikaondoka tarehe 1 Februari. Baharini hadi Dar weka siku 30, maana huwa kati ya 25 na 35 kulingana na meli inapopitia. Hiyo ni tarehe 3 Machi. Kutoa mzigo bandarini, kuupeleka stoo ya ajenti na kuufungua, siku kumi. Tarehe 13 Machi. Yaani kila kitu kingekwenda kama sala, vyombo vingewakuta watu wamebakiza wiki moja wafike Idi. Sikukuu ya Wachina imekula wiki tano hivi juu ya hapo, ni kweli, lakini "kabla ya mwezi mtukufu" ilishapita siku ile unalipa.

Sikwambii haya nikuhukumu. Nakwambia kwa sababu nadhani ajenti alikwambia "siku 45", nawe ukazihesabu kuanzia siku uliyotoa pesa. Karibu kila anayeanza mizigo ya meli hufanya hivyo. Siku 45 za ajenti, au 60, huanza kontena likishapakiwa au meli ikishang'oa nanga. Siku za kiwanda na siku za kusubiri kontena la pamoja lijae hazimo. Na katika kontena la pamoja, mzigo wako mdogo hauna sauti. Seti zako 26, kama katoni moja ni sentimita 40 kwa 35 kwa 35, ni kama mita ujazo 1.27, hizo wanazoziita CBM. Kontena la futi 40 hubeba zaidi ya hamsini. Wewe ni abiria wa siti moja kwenye basi lisiloondoka mpaka lijae.

Hili linabadilisha maana ya tangazo lako. Neno "hairudishwi" lina kazi yake halali. Mteja akiagiza, wewe ukalipa kiwanda, kisha akabadilisha mawazo au akaona kwingine bei ni nafuu, ile advansi inaziba pengo alilokuachia. Mume wako anaposema habari ya shati anazungumzia mteja wa aina hiyo, na hapo yuko sahihi. Lakini wale tisa hawajabadilisha mawazo. Walinunua vyombo na tarehe, vyote kwa pamoja, na tarehe uliiandika mwenyewe juu ya tangazo kwa herufi kubwa: oda za Ramadhani. Hiyo "inshaallah" uliyomalizia ni dua, haisogezi kalenda.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaliangalia jambo hili karibu hivyohivyo. Pale ambapo muda ni kiini cha makubaliano, upande ulioahidiwa unaweza kujitoa muda ukipita bila kutimizwa. Na hata pale mteja ndiye aliyevunja, kiasi kilichoandikwa kama adhabu mahakama hukitazama kama kikomo, inatoa fidia inayolingana na hali, si lazima chote. Kwa hiyo wakifika Mahakama ya Mwanzo, sentensi yako ya herufi kubwa haitakuwa ngao kamili. Wakati huohuo, kuchelewesha mzigo si utapeli. Utapeli ni kuchukua pesa kwa uongo ukijua huna nia ya kuleta. Kinachoweza kukufanya ufanane na tapeli ni mambo madogo: kuzima simu, kumtoa mtu kwenye grupu, kufuta tangazo. Usifanye hata moja kati ya hayo, hata ukitukanwa.

Na lile la shekhe. Neno arubuni, ambalo bibi zetu walilitumia kabla hatujaanza kusema advansi, limetoka kwenye fikihi hiyohiyo, yaani elimu ya sheria za Kiislamu. Wanazuoni wamekhitilafiana. Madhehebu mengi, pamoja na ya Shafii ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanaifuata, hayaruhusu muuzaji kubaki nayo, na ya Hanbali yanaruhusu. Jopo la fikihi la nchi za Kiislamu mwaka 1993 lilikubali, kwa sharti muda wa kusubiri uwe umewekwa wazi. Lakini ubishi wao wote ni juu ya mnunuzi aliyeghairi. Muuzaji aliyeshindwa kuleta kwa wakati si mada yao. Kwa hiyo wifi amekuja na hoja iliyo pembeni kidogo ya jambo lenyewe, ingawa anakofikia si mbali na tulipofika sisi.

Sasa pesa. Umeandika kana kwamba kumrudishia mtu 70,000 ni kupoteza 70,000. Angalia tena. Seti moja mpaka sasa imekugharimu kama 43,600. Kusafirisha kwa meli, kama ajenti anakutoza 950,000 kwa mita ujazo, inaongeza kama 46,500. Jumla 90,000 na kidogo ikiwa mkononi mwako Temeke. Mteja akijitoa na ukamrudishia pesa yake, ile seti inakuwa yako. Ukiiuza 140,000 kwa mtu mwingine unabaki na faida ileile ya 50,000. Ukiiuza 120,000 ili itoke haraka, bado umebaki na 30,000. Hasara ipo tu ikikosa mnunuzi au ikivunjika. Ulichonacho kwa wale tisa, kwa hiyo, ni ukata wa wiki saba au nane. Ukata unauma, naujua unavyouma mwezi wa futari, lakini unatibiwa kwa njia nyingine kabisa na hasara.

Ila kuna mtego mmoja, na nadhani hujauona. Mzigo ukifika, ajenti atadai 1,210,000 hivi za meli kabla hajakuachia katoni. Uliyapangia hayo malipo yatoke kwenye nusu ya pili ya wateja. Kama tisa wameondoka, wanabaki 17, nusu yao ni 1,190,000. Umepungukiwa na elfu ishirini, hujalipa kirikuu cha kubebea mzigo, na stoo nyingi huanza kutoza siku za bure zikiisha. Kwa hiyo ile 235,000 usiitoe yote leo kwa sababu ya aibu. Kama 60,000 hivi ziache zilale palepale zilipo.

Sasa tutembee kwenye njia ulizozitaja. Ndege kwanza, kwa sababu hiyo haichukui muda. Seti ya udongo ya vipande 24 ikiwa na sponji na boksi ina kilo kama 12. Hata ukipata nauli ya 25,000 kwa kilo, ni 300,000 kwa seti unayoiuza 140,000. Isitoshe katoni zako zimeshapangwa kwenye kontena, kuzitoa kuna gharama na kuna kuvunjika.

Mkopo wa simu. Sikukatazi kukopa, ila tazama unayemkopa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na mikopo ya riba kubwa ya mitaani, kausha damu, unaijua kuliko mimi. Deni lako la sasa halina riba. Ukilihamishia kwenye mkopo wa wiki mbili, unalipa wiki mbili, mzigo uko Bahari ya Hindi, unakopa tena kulipa ule. Na baadhi ya hao, ukichelewa, huwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako. Kwa mwenye fremu hiyo ni fedheha. Kwa wewe ambaye duka lako ni orodha ya majina kwenye simu, ni kufungiwa duka.

Kukataa kabisa, kama anavyotaka mumeo. Inawezekana. Mzigo utafika Aprili, watakaochukua watachukua. Lakini fikiria kitakachotokea siku hiyo: unahitaji nusu ya pili kutoka kwa watu walewale ambao wamesikia umekataa kurudisha. Watakwambia "lete kwanza nione". Nawe huwezi kuleta kabla hujalipa meli. Hapo ndipo oda nyingi za namna hii hufia, mlangoni kwa ajenti, mzigo ukiwa umeshafika. Wapo ajenti wanaokubali utoe katoni kwa mafungu, unalipa tano unachukua tano. Muulize wako leo, usingoje siku ya kontena.

Njia iliyobaki ina matawi, na hapo ndipo ningependa ukae na mume wako na kalamu. Lakini kabla ya kalamu kuna simu tisa za kupiga. Umeniambia wale tisa wanataka pesa. Nani kakwambia? Wifi. Na aliyeandika grupu, huyo ni mmoja. Wengine saba au wanane hujawasikia. Wapigie kila mmoja peke yake, kwa sauti, si ujumbe, na si mchana wa saa tisa watu wakiwa na njaa. Baada ya futari. Huenda watatu wanataka pesa kwa sababu wana shida nayo kweli, huenda wanne watasubiri ukiwapa sababu ya kusubiri, huenda mmoja ana hasira tu na anataka asikilizwe. Hesabu ya 630,000 inaweza kushuka hadi 280,000 kwa jioni mbili za simu. Inaweza pia isishuke. Lakini kwa sasa unapigana na tarakimu ambayo hujaithibitisha.

Kabla hujapiga, shika mkononi vitu vya kuonyesha. Risiti ya malipo ya kiwandani. Picha za katoni zikionyesha alama yako ya mzigo. Na mwombe ajenti namba ya kontena: ni herufi nne na tarakimu saba, nayo huandikwa kwenye tovuti ya kampuni ya meli ukaona chombo kilipo. Ajenti akisitasita kukupa namba hiyo baada ya tarehe 7, hilo nalo ni jibu, na ujue mapema. Kisha tarehe. Meli ikiondoka tarehe 7 Machi, siku 30 za bahari na siku kumi hadi kumi na nne za bandari zinakupeleka kati ya tarehe 16 na 20 Aprili. Usiwaambie 16. Waambie 30 Aprili. Mteja atakayepigiwa simu tarehe 20 atafurahi, na aliyeambiwa 16 akapigiwa 20 atakuwa amedanganywa mara ya pili.

Kwa anayetaka kusubiri, unaweza kumpunguzia nusu ya pili, tuseme kutoka 70,000 hadi 60,000. Ukiwapa wote 26 ni 260,000 imetoka kwenye faida, na hesabu ya meli inakaza zaidi, kwa hiyo usiitangaze grupu kabla hujajua wangapi wanabaki. Kwa asiyetaka, kuna namna mbili. Unaweza kumlipa kamili mtu mmoja au wawili sasa hivi, wale wenye shida kubwa, 140,000, na wengine ukawaandikia tarehe. Faida yake ni kwamba wawili wameondoka kabisa kichwani mwako. Hatari yake, wanazungumza, na wa tatu atauliza kwa nini si yeye. Au umpe kila mmoja kidogo, elfu kumi na tano kumi na tano, na salio siku maalumu. Hiyo inaonyesha nia kwa wote, ila kwa anayehitaji nguo ya Idi ya mtoto, elfu kumi na tano inaweza kumchoma zaidi ya kutopewa. Kuna pia ya tatu: mwenye oda akikubali, seti yake unaitangaza upya, na siku mnunuzi mpya anapotoa pesa, inakwenda kwake moja kwa moja. Hii haihitaji akiba yoyote kutoka kwako, ila inategemea soko baada ya Idi, ambalo huwa limepoa. Msimu wa harusi na kichenipati utasaidia kidogo.

Njia yoyote, ukirudisha, ongeza ada ya kutolea. Ni shilingi chache, lakini mtu aliyepokea 70,000 akakatwa kwa wakala hukumbuka kwamba hakurudishiwa yote.

Ujumbe wa kufuata simu uwe mfupi. Kitu kama hiki: "Dada, kama tulivyozungumza jana. Niliahidi mzigo kabla ya Ramadhani na haujafika, samahani sana. Kontena namba hii linaondoka China 7 Machi, nategemea kukukabidhi kabla ya 30 Aprili. Umechagua kurudishiwa 70,000. Leo nimetuma 15,000, iliyobaki 55,000 utaipata kabla ya 5 Mei. Tafadhali nijibu 'sawa' nihifadhi." Usiweke neno la mwaka wa Wachina. Ukianza na sababu, wanasoma visingizio. Na "sawa" yake ihifadhi, ni kumbukumbu yako na yake.

Wale 17 umesema wataitana. Huenda. Lakini wamo kwenye grupu lilelile, neno "tumetapeliwa" wameshalisoma, na ukimya wako wameusoma pia. Kinachowakimbiza watu mara nyingi si habari kwamba fulani karudishiwa. Ni kutojua mzigo uko wapi. Sijui ni upi kati yao mwenye wasiwasi zaidi, wewe unawajua. Anza na huyo.

Sasa wifi. Yeye hakudai tu, naye anadaiwa. Alizichukua pesa mikononi mwa wenzake, akazituma kwa jina lake, na kikobani kila wiki anakaa nao mkeka mmoja. Kutokusalimia kwake nakusoma kama woga zaidi ya kiburi, ingawa kwenye simu vinasikika sawa. Nakuuliza tu, wale tisa wanajua kwamba ana elfu tano kwa kila seti? Kama hawajui, yuko mahali pagumu zaidi yako, na huenda ndiyo maana anakazania pesa zirudi kabla hayajaulizwa mengi. Sikushauri ulitaje mbele za watu. Lakini ukienda kwake, nenda mwenyewe, bila mume kukusemea kwa dada yake, na uende na picha, namba ya kontena na daftari. Mkaamue pamoja pesa zirudi kupitia kwake au ziende moja kwa moja kwa wenyewe. Kupitia kwake unamrudishia uso. Moja kwa moja una uhakika zimefika. Yote mawili yana thamani, na ninyi ndio mnaojuana.

Mumeo naye msomee ile hesabu ya tarehe 13 Machi. Usimwambie amekosea, soma tu tarehe moja baada ya nyingine.

Ile 450,000 ya ada imeshakwenda mahali pazuri na sitakusema. Ila tangu sasa nusu ya kwanza ya mteja iwekee laini yake, au kibubu chake cha simu, isikutane na pesa ya nyumbani mpaka mteja ashike katoni. Faida ya oda hii nzima, mambo yakienda sawa, ni kama 1,297,000 kabla ya zile elfu tano tano za wifi, usafiri wa mjini na vitakavyovunjika. Nayo haipo mpaka Aprili.

Na vitakavyovunjika vipo. Udongo kwenye kontena la pamoja hubanwa chini ya mizigo ya wenzako. Siku ya kupokea, fungua kila katoni palepale stoo huku simu ikirekodi, kabla hujatia saini. Ajenti wengi hawalipi vilivyovunjika kama hukuweka kreti ya mbao au bima, kwa hiyo uliza sasa utaratibu wake ni upi. Kama sahani mbili za fulani zimevunjika, zile seti zilizoachwa na waliojitoa zitakuwa akiba yako ya kuzibia. Afadhali ukachomoa vipande kwenye seti moja ya ziada kuliko kumkabidhi mteja aliyengoja miezi minne seti ya vipande 22.

Mwakani utatamani tena kuuza vya Ramadhani, nami sioni kwa nini usiuze. Ila Mwaka Mpya wa Kichina mwaka 2027 ni tarehe 6 Februari, na Ramadhani inatarajiwa karibu na tarehe 8, kwa hiyo vitagongana vilevile. Ukitaka vyombo viwe mkononi tarehe 20 Januari, toa siku 14 za bandari, 35 za bahari, 12 za kusubiri kontena, 15 za kiwanda, na wiki mbili za yasiyotarajiwa. Unarudi hadi tarehe 22 Oktoba. Hiyo ni siku ya kiwanda kupokea pesa, kwa hiyo tangazo litoke Septemba. Na chini ya "hairudishwi" ongeza mstari mmoja: "isipokuwa mzigo ukipita tarehe 31 Januari, hapo unachagua kusubiri au kurudishiwa yote." Wengine watakwambia unajifunga mwenyewe. Huenda. Wewe tazama tu kama wateja 26 watatimia wiki mbili au watatimia siku nne.